Lango la Baridi Juu ya Ikweta: Mvuke wa Eastlands Unakwama Wapi?

Alasiri ya Aprili, masika yakiwa yamekolea, chota hewa ya Makadara au Umoja, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, uhesabu molekuli zake milioni moja: kati ya 15,000 na 20,000 zitakuwa za maji. Panda wima kutoka hapo hadi kilomita 17 juu ya usawa wa bahari, uchote milioni nyingine. Za maji utapata nne, pengine tatu. Safari hiyo ya wima inakaribiana na ile ya kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa ndege wa Embakasi, na ndani ya umbali huo mfupi maji yamepungua mara elfu kadhaa. Endelea kupanda hadi kilomita 30, 40, hata 50, na bado hutaona zaidi ya sita au saba katika kila milioni. Juu ya mitaa inayofurika kila masika pana jangwa ambalo Chalbi haiwezi kulifikia kwa ukavu.

Jibu linalotolewa upesi ni uzito: maji ni mazito, basi yanazama. Jibu hilo halisimami. Molekuli ya maji ina uzito wa 18, na wastani wa hewa kavu ni 29. Mvuke ni mwepesi kuliko hewa inayoubeba. Kabonidayoksaidi, yenye 44, ndiyo ingestahili kuzama, lakini vipimo vya kilomita 20 juu vinaikuta karibu kwa uwiano uleule wa hapa chini, zaidi ya 400 katika kila milioni. Pepo huikoroga angahewa hadi karibu kilomita 100, na uzito haupati nafasi ya kuzipanga gesi. Umbali nao si hoja, maana gesi nyingine zote za kawaida zimeuvuka. Kinachoyatenga maji ni kwamba, katika halijoto ya dunia hii, ndiyo peke yake kati ya gesi hizo yanayoweza kugeuka umajimaji na barafu. Oksijeni haigandi popote angani. Maji huganda.

Aliyelala chini ya mabati Mukuru au Mathare analijua jambo hili bila kitabu. Usiku wa Julai pumzi za familia na mvuke wa chai hupanda, hukuta mabati yamepoa, na alfajiri matone huangukia blanketi. Hewa inapopoa nyuzi 10, kiasi cha mvuke kinachoweza kukaa ndani yake hupungua karibu kwa nusu. Hiyo ni hesabu ya hapa chini. Kwenye baridi kali, nyuzi 10 hizohizo huondoa zaidi ya robo tatu. Kutoka nyuzi 20 za alasiri ya Nairobi hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, shinikizo la mvuke unaoweza kukaa hushuka zaidi ya mara 40,000. Hewa yenyewe nayo huwa imepungua mara nane au tisa, kwa hiyo uwiano wa maji kwa hewa unashuka mara elfu tano hivi. Tofauti tuliyoikuta baina ya Makadara na kilomita 17 iko papo hapo.

Hewa inayopanda hutanuka, na ikitanuka hupoa, kwa wastani wa nyuzi sita au saba kwa kila kilomita. Ndiyo maana kuna barafu juu ya Mlima Kenya, mita 5,199, ilhali ikweta inapita jirani yake. Mvuke hupungua hatua kwa hatua: kwanza wingu, kisha mvua, kisha barafu laini ya mawingu ya juu. Zaidi ya hayo, karibu nusu ya mvuke wote wa dunia uko ndani ya kilomita mbili za kwanza kutoka usawa wa bahari, na Nairobi imejengwa juu ya mita 1,600. Mkazi wa Buruburu anapotazama juu, sehemu kubwa ya mvuke anaoishi nao mkazi wa Likoni, pwani, iko chini ya miguu yake.

Hadi hapa hakuna kitendawili, baridi inakausha. Kitendawili kinaanza juu ya kilomita 17. Huko halijoto huacha kushuka. Ozoni hunyonya miale ya urujuanimno ya jua na kuipasha hewa joto, kiasi kwamba karibu na kilomita 50 tunarudi kwenye nyuzi sifuri hivi. Tabaka hilo lenye joto linalopanda kadiri unavyokwenda juu ndilo stratosfia, na mpaka wake wa chini, pale palipo baridi kuliko kote, ndio tropopozi. Sasa fikiria hewa ya kilomita 40 au 50. Kwa joto lake ingeweza kubeba mvuke mara maelfu ya ule ilionao. Haina. Kwa hiyo kusema tu kwamba juu kuna baridi ndiyo maana pakavu ni kujibu nusu ya swali. Hewa ya huko juu ni kavu kwa sababu ya mahali ilipopitia, hata kama pale ilipo leo pana joto. Imevuka lango moja la baridi, ikaacha maji yake mlangoni, na hakuna bahari wala ziwa huko juu la kuyarudisha.

Lango hilo liko wapi? Sehemu kubwa ya jibu ilipimwa kwanza katika Afrika Mashariki. Mwaka 1902 Mfaransa Léon Teisserenc de Bort na Mjerumani Richard Assmann, kila mmoja kwa njia yake, walitangaza kwamba kuanzia kilomita 11 hivi juu ya Ulaya halijoto huacha kushuka. Wengi walidhani kwamba juu ya ikweta, kwenye ardhi yenye joto, na hewa ya juu itakuwa na joto zaidi. Mwaka 1908 Arthur Berson na Hermann Elias, kutoka kituo cha utafiti wa anga cha Lindenberg karibu na Berlin, walileta maputo ya mpira na vyombo vya kujiandikia hadi pwani yetu na Ziwa Viktoria. Juu ya ziwa, puto moja lilipanda karibu kilomita 20 na kurudi na namba ya nyuzi 84 hivi chini ya sifuri. Ulaya haijawahi kuonyesha baridi ya namna hiyo kwenye tropopozi yake ya kawaida, ambayo huwa nyuzi 55 au 60 chini ya sifuri. Kumbe palipo na joto zaidi chini ndipo palipo na baridi zaidi juu. Sababu si ya ajabu: joto na unyevu wa tropiki huisukuma hewa juu zaidi, hadi kilomita 16 au 17 badala ya 10 au 11, na kila kilomita ya ziada ni kutanuka zaidi na kupoa zaidi.

Abiria wa ndege ya usiku kutoka Embakasi kwenda London anaupita mpaka huu bila kuarifiwa. Akiwa angani juu ya Kenya, kilomita 11 juu, bado ana kilomita tano au sita za kufika tropopozi. Akikaribia Ulaya wakati wa baridi, kwenye kimo kilekile, mara nyingi yumo ndani ya stratosfia. Tropopozi ndiyo iliyoshuka.

Kipimo cha Berson na Elias kilikaa vitabuni miongo minne kabla ya mtu kuona kinahusiana na ukavu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Alan Brewer wa ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza alikuwa akichunguza kwa nini ndege za kivita huacha mikia myeupe nyuma yake, jambo lililowasaliti marubani kwa adui. Yeye na Gordon Dobson wa Oxford walitengeneza kifaa cha kupima kiwango cha sakitu, yaani halijoto ambayo kwayo bamba dogo lililopozwa huanza kushika barafu. Juu ya kusini mwa Uingereza, baada tu ya kuvuka tropopozi, kiwango hicho kilianguka hadi karibu nyuzi 80 chini ya sifuri. Kama hewa ile ingekuwa imepanda palepale Uingereza, kupitia tropopozi ya huko, ingekuwa na maji mara kumi au ishirini zaidi. Mwaka 1949 Brewer aliandika alichoona kuwa ndiyo maelezo pekee: hewa yote ya stratosfia huingia kupitia tropiki, mahali pekee penye baridi ya kutosha kuikausha hivyo, kisha husambaa polepole kuelekea ncha za dunia na kushuka huko.

Nashangazwa hadi leo na hoja hiyo. Mtu akiwa juu ya Uingereza, kwa kutazama sakitu kwenye bamba dogo, anasema hewa anayoipima ilipita juu ya ikweta. Na Dobson alikuwa na fumbo lake la tangu miaka ya 1920: ozoni hutengenezwa zaidi juu ya tropiki, kwenye jua kali, lakini hujaa zaidi karibu na ncha. Mzunguko uleule ulilifumbua. Ozoni hubebwa. Ndiyo maana tabaka la ozoni lililo juu ya Nairobi ni jembamba kuliko la Ulaya kaskazini, na ndiyo sababu mojawapo ya jua la adhuhuri la Eastlands kuunguza vile. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, makao yake yakiwa Dagoretti Corner, imekuwa ikirusha maputo ya kupima ozoni tangu 1996 kwa ushirikiano na Uswisi, na tangu 1998 vipimo hivyo vimekuwa sehemu ya mtandao wa vituo vya tropiki ya kusini. Kila puto la namna hiyo hupita langoni na kusoma baridi yake.

Lakini nguvu gani huivuta hewa kulipita lango lile, ikiwa stratosfia, yenye joto juu na baridi chini, hukandamiza kila kinachotaka kupanda? Si joto la Nairobi. Mawingu mengi ya mvua huishia karibu kilomita 13 au 14. Zaidi ya hapo kazi inafanywa kwa mbali. Mawimbi makubwa ya hewa, yanayozaliwa pepo zinapogonga safu za milima na pale bara baridi linapokutana na bahari yenye joto, hupanda hadi stratosfia ya latitudo za kati na kuvunjika huko. Yakivunjika, huisukuma hewa kuelekea ncha, na pengo linaloachwa juu ya ikweta hujazwa kutoka chini. Mwendo wenyewe ni wa kobe, mita 20 au 30 kwa siku. Hata hivyo unatosha kuitanua hewa na kuipoza zaidi ya vile mawingu peke yake yangefanya. Baridi iliyo juu ya Kayole, kwa sehemu, inaamuliwa na milima ya Asia na Rocky.

Ushahidi ni majira. Mawimbi hayo yana nguvu zaidi wakati wa baridi ya kaskazini, na kweli lango huwa na baridi kuliko kawaida mwezi Januari na hulegea kidogo mwezi Agosti. Hewa inayopita Januari hubeba molekuli tatu hivi za maji katika milioni. Ya Agosti hubeba nne na zaidi. Tabaka hizo hupanda moja juu ya nyingine bila kuchanganyika upesi, kavu juu ya nyevu, na mwaka 1996 Philip Mote na wenzake walizionyesha kwenye vipimo vya setilaiti zikiwa zimeandikwa juu ya tropiki mithili ya kanda ya kaseti inayosonga.

Panapobaki ubishi ni njia ya mwisho kabisa. Mwaka 1981 Reginald Newell na Sharon Gould-Stewart walidai kwamba si tropiki yote inayoweza kukausha vya kutosha. Hewa huingia hasa juu ya Pasifiki ya magharibi na Indonesia, na juu ya India wakati wa monsuni. Edwin Danielsen, mwaka uliofuata, aliyapa mawingu marefu ya radi kazi kubwa zaidi: hupenya tropopozi kwa nguvu na kuacha barafu huko. Kwa msomaji wa hapa hoja ya mawingu si ya mbali. Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi duniani, dhoruba zake za usiku huua wavuvi, na vilele vya baadhi ya mawingu hayo hufika tropopozi yenyewe. Mawingu ya namna hiyo, hata hivyo, yanaweza kufanya kazi mbili zinazopingana: barafu yake ikianguka, hewa imekauka, ikigeuka mvuke kabla ya kuanguka, hewa imelowa. James Holton na Andrew Gettelman walipendekeza mwaka 2001 jibu ambalo naliona zito kuliko yote mawili: hewa karibu na tropopozi husafiri kwa ulalo mbali sana huku ikipanda kidogo tu, na popote ilipoanzia, kabla ya kuvuka hupitishwa juu ya Pasifiki ya magharibi, kwenye baridi kuliko zote. Kwa hesabu hiyo, mvuke uliopanda kutoka Donholm unaweza kukaushwa kwa mara ya mwisho juu ya Indonesia. Dhoruba huongeza au hupunguza pembeni.

Berson aliacha fumbo jingine. Juu ya ziwa, maputo yake yaliona upepo wa magharibi pale ambapo vumbi la Krakatoa, mwaka 1883, lilikuwa limeonyesha upepo wa mashariki. Wote walikuwa sahihi. Tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba pepo za stratosfia ya ikweta hugeuka huku na huku, zikikamilisha mzunguko mmoja kwa miezi 28 hivi. Kila zinapogeuka, baridi ya lango nayo hubadilika kidogo, na maji yanayopita hubadilika pamoja nayo.

Mtihani mkubwa wa nadharia ya lango ulikuja Januari 15, 2022. Volkeno ya Hunga Tonga, chini ya bahari ya Pasifiki, ililipuka na kurusha takriban tani milioni 150 za maji moja kwa moja hadi stratosfia. Ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya maji yote yaliyokuwa huko. Setilaiti ya Aura ya Marekani, iliyoko angani tangu 2004, iliyaona yakienea dunia nzima na kukaa miaka. Yalikaa kwa sababu hayakupita langoni wakati wa kuingia, na njia ya kutoka, kushuka kupitia ncha, ni ya polepole. Jumla ya maji ya stratosfia ni tani bilioni moja na nusu hivi. Ukiyanyesha yote kwa usawa duniani, kina chake hakifiki sehemu moja ya mia tatu ya milimita.

Mtu anaweza kuuliza, kiasi kidogo namna hiyo kina maana gani kwa mtaa ambao maji ya mfereji huja kwa zamu na mtungi hununuliwa kwa mkokoteni? Kina maana ya joto, kwanza. Mvuke ni gesi inayozuia joto, na ukiwa mahali penye baridi kali athari yake huzidi kiasi chake. Kati ya 2000 na 2001 maji ya stratosfia yalipungua kwa asilimia 10 hivi, na Susan Solomon na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba upungufu huo ulipunguza kasi ya kuongezeka kwa joto la dunia katika mwongo uliofuata kwa robo hivi. Pili, mvuke hutoa vipande vya molekuli vinavyoiharibu ozoni na hulisha mawingu ya ncha yanayosaidia klorini kuimaliza. Sekretarieti ya ozoni ya Umoja wa Mataifa iko Gigiri, mwendo wa matatu mbili kutoka Kariobangi.

Tatu ni bahari zenyewe. Maji yakifika juu kabisa, jua huyavunja, na haidrojeni yake hutoroka kwenda angani isirudi tena. Dunia hupoteza takriban kilo tatu za haidrojeni kila sekunde. Kwa kasi hiyo bahari zitadumu kuliko jua. Zuhura, inadhaniwa, ilikosa lango la namna hii, joto lake lilipozidi, na leo haina bahari.

Ipo lakini njia moja ambayo lango haliizuii, na kwayo Eastlands inatajwa kwa jina. Methani haigandi kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Ingehitaji baridi ya nyuzi 182. Hupita tropopozi bila kuguswa, na kule juu huungua polepole, kila molekuli ikiacha karibu molekuli mbili za maji. Ndiyo sababu hesabu ya kilomita 50 ni sita au saba badala ya nne. Kabla ya viwanda methani ilikuwa 0.7 katika milioni; leo ni 1.9. Sehemu kubwa huharibiwa hapa chini katika miaka kumi hivi, lakini inayobaki hupanda na kuwa maji pale ambapo maji hayakupaswa kufika.

Jaa la Dandora lilifunguliwa katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa limejaa mwaka 2001. Malori bado yanaingia. Taka za sokoni na za jikoni zilizofukiwa bila hewa huoza na kutoa methani mchana na usiku, na watu wa Dandora na Korogocho hupata moshi na harufu kabla stratosfia haijapata kitu. Katika hesabu ya dunia nzima mchango wa jaa moja ni mdogo mno, na anayesema Dandora inalowesha mbingu anatia chumvi. Lakini baridi ya lango hatuna mkono wetu ndani yake, na taka tunazo mikononi. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe tangu zinakotoka. Kikao cha bajeti cha wadi kitakapoitishwa, nenda, na umuulize mwakilishi wako taka za masoko ya Gikomba na Wakulima zitaanza lini kutengwa kabla lori halijafika Dandora.